Gurudumu bovu lililofukua siri ya Mirihi

Kuna mwenzetu aliuliza humu: wanasayansi wanajuaje jiwe la Mirihi lina nini ndani, wakati hakuna mtu aliyewahi kufika kule? Nitajibu kwa historia ya roboti moja, inaitwa Spirit.

Haikuwa ya kwanza. Wasovieti walishapeleka kigari Lunokhod 1 Mwezini mwaka 1970, na Wamarekani wakapeleka Sojourner Mirihi mwaka 1997. Vyote viwili vilibeba kifaa cha kupima kemia ya udongo.

Spirit ilitua Januari 2004 kwenye kreta ya Gusev. Kwenye mkono wake kulikuwa na kifaa chenye kuriamu, metali yenye mionzi. Kifaa kinasogezwa karibu kabisa na jiwe, mionzi inalipiga, jiwe nalo linarudisha eksirei. Kila elementi ina eksirei ya nguvu yake: chuma yake, salfa yake, silikoni yake. Ni kama kumjua mtu gizani kwa sauti. Hakuna uchawi hapo.

Gusev ilichaguliwa kwa sababu ukiitazama toka juu, unaona bonde kama la mto mkavu linaingia ndani yake. Walitegemea kukuta matope ya ziwa la zamani. Wakakuta basalti, mawe ya volkano. Maji hayakuonekana.

Machi 2006 gurudumu la mbele la kulia likagoma kabisa. Ikabidi roboti iendeshwe kinyumenyume, ikiburuta gurudumu lile kama mtu mwenye mguu mbovu. Basi gurudumu likawa linachimba mfereji kila linapopita, na mwaka 2007 ukatokea udongo mweupe.

Kwa macho ungesema ni chumvi, maana udongo mweupe wa chumvi za salfa walishaukuta kabla. Kifaa kilipopima, kikasema silika, karibu asilimia 90. Hapa duniani silika safi hivyo huachwa na maji ya moto au mvuke wa volkano, na sehemu kama hizo huwa na vijidudu hai. Uhai wa Mirihi haujathibitishwa, ila sasa tunajua pale palikuwa na maji na joto pamoja.

Spirit ilipangiwa siku 90 tu. Ilinyamaza Machi 2010.

Wengi husema gurudumu bovu ndilo lililogundua. Mimi naona lilifukua tu; bila kipimo tungeita chumvi tukapita. Wewe unaonaje?