Kabla ya Omo: Historia Fupi ya Sabuni ya Kujitengenezea

Wasee, leo tuongee sabuni. Siku hizi kila nikifungua simu naona mtu na ndoo, mwiko na glavu anakoroga sabuni ya maji, mtungi wa lita 20. Mimi pia hukoroga. Niliacha chuo mwaka wa pili, nakaa bedsitta, na bei ya sabuni ya kufulia haijawahi kunionea huruma. Kinachoniudhi ni vile tunaongea ni kama hii hustle iligunduliwa juzi kwa TikTok. Zii. Ina historia, na ukiijua utaona pesa yako huenda wapi.

Kwa karne nyingi sabuni ilikuwa kitu cha nyumbani. Unapitisha maji kwenye jivu la kuni, unapata maji makali, unayachemsha na mafuta. Basi. Mafuta na kitu kikali vikikutana, sabuni inazaliwa. Hadi leo sabuni ya kipande inafuata kanuni hiyo hiyo.

Halafu wakubwa wakaona pesa. Uingereza, miaka ya 1630, Mfalme Charles wa Kwanza aliipa kampuni moja haki ya kutengeneza sabuni, wengine wakakatazwa. Baadaye ikaja kodi ya sabuni, iliyodumu mpaka 1853. Maafisa wa kodi walikuwa wanafunga masufuria ya wapika sabuni kwa kufuli usiku, ndio mtu asipike kisiri. Hebu fikiria: sufuria ni yako, kufuli ni ya serikali.

Kilichomaliza jivu ni kemia. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata haki ya njia yake ya kutoa soda kwenye chumvi. Miaka ya 1860 Mbelgiji Ernest Solvay akaleta njia ya bei nafuu zaidi. Sasa kiwanda kikawa na nguvu kuliko jiko. Miaka ya 1880 William Lever na ndugu yake James wakaanza kuuza Sunlight, vipande vilivyokatwa tayari na kufungwa vizuri kwa karatasi. Watu walinunua sabuni, na pia jina.

Lakini sabuni nyingi inataka mafuta mengi. Mwaka 1911 Lever alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa maeneo makubwa ya michikichi Kongo. Huko watu walilazimishwa kuvuna mawese, na 1931 Wapende wakaasi. Kwa hivyo usafi wa Ulaya ulikuwa na jasho la Mwafrika ndani yake.

Sasa njoo nyumbani. Mwaka huo huo wa 1911 ilianzishwa kampuni ya Magadi Soda, Ziwa Magadi, Kajiado. Mwaka huo huo tena, Wamaasai walisainishwa mkataba wa kuondoka Laikipia. Reli ikajengwa kutoka Konza mpaka ziwani, na soda ikaanza kuelekea bandarini Mombasa. Mwaka 1924 kampuni ya Uingereza, Brunner Mond, ikachukua usukani. Leo ni Tata ya India. Soda ash, ule unga mweupe unaopimiwa kilo kwa duka la kemikali ukitaka kutengeneza sabuni, ni mali inayochimbwa hapa kwetu zaidi ya miaka mia. Sisi tunaijua tu kama ile magadi ya kulainisha githeri.

Tuwe wakweli pia: sabuni ya mtungi si ya nyanya zetu. Ungerol na Ufacid ni familia nyingine kabisa. Wajerumani walianza kutafuta mbadala wa sabuni wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mafuta yalipoadimika. Mwaka 1946 Wamarekani wakaleta Tide, iliyotoa povu hata kwenye maji ya chumvi yanayokataa sabuni ya kipande. Miaka ya 1950 mito ya huko ikajaa povu lisiloisha, mpaka viwanda vikabadilisha kemikali. Kwa hivyo mtu akikuambia sabuni yake ya mtungi "haina kemikali", mwangalie tu.

Mbona basi bado nasema tengeneza? Kwa sababu sehemu kubwa ya sabuni ya maji ni maji. Dukani unalipia maji hayo, chupa, lori na tangazo. Ukikoroga mwenyewe, maji ni ya mfereji wako.

Lakini usicheze. Ukitumia caustic soda, mimina soda kwenye maji polepole, usimimine maji kwenye soda, kwa sababu inachemka na kuruka usoni. Vaa glavu, linda macho, koroga mahali penye hewa. Na tafadhali, usiweke sabuni wala kemikali yoyote kwenye chupa ya soda ya kunywa. Mtoto hasomi lebo. Ukiokoa mia mbili halafu mtoto wa jirani achomeke koo, umeokoa nini?

Kufuli la mfalme lilienda, lakini ujuzi ulibaki kiwandani muda mrefu sana. Sasa umerudi kwa ndoo zetu, na mimi siurudishi.

Ukienda ushago, muulize nyanya yako walikuwa wanafua na nini kabla ya Omo kufika kwao. Uniandikie hapa chini. Nataka kujua.