Chakula cha Shule Kisichopikwa

Sisi walimu twajua ya kuwa mwanafunzi mwenye njaa hasikii hesabu. Katika mji wa Oslo, nchi ya Norwei, watoto maskini walipewa zamani supu na uji wa moto shuleni. Daktari Carl Schiøtz aliona kwamba chakula hicho chashibisha, lakini hakijengi mwili sawasawa. Basi katika miaka ya 1930 kikawekwa kingine, nacho cha asubuhi: mkate wa unga usiokobolewa, jibini, maziwa, karoti mbichi na kipande cha tunda. Hakikuhitaji jiko, na hilo ndilo twalisifu zaidi, maana hata mama asiye na kuni nyingi aweza kukiandaa. Mpaka leo vijana wengi wa Norwei huchukua shuleni vipande vya mkate vilivyofungwa karatasini.