Wati: maana na matumizi yake katika kuboresha kompyuta za michezo

wati (nomino, ngeli ya i-/zi-, wingi: wati, alama: W)

Maana. Kipimo cha kasi ambayo kwayo nishati ya umeme hutolewa au hutumika. Neno limetokana na jina la James Watt (1736–1819), mhandisi wa Uskoti.

Upatanisho. Neno halibadiliki katika wingi: *wati hii, wati hizi, wati nyingi*. Nambari hufuata kipimo: *wati 75*, si *75 wati*. Kanuni hiyohiyo huongoza *volti* na *ampea*.

Maelezo

Mazungumzo ya madukani hulimeza neno hili ndani ya neno pana zaidi, *nguvu*. Husemwa kwamba kadi ya grafiki ina nguvu, kwamba pawa saplai ina nguvu, na kwamba umeme wa leo hauna nguvu. Kauli hizi tatu hazizungumzii jambo moja. Nguvu ya kadi ni wepesi wake wa kuchora picha za mchezo. Nguvu ya saplai ni kiasi cha umeme inachoweza kutoa. Na umeme usio na nguvu ni volti zilizoshuka. Anayenunua kadi kwa kufuata neno *nguvu* peke yake huenda akafika nyumbani na kadi njema ambayo kompyuta yake haiwezi kuilisha.

Maneno matatu yatenganishwe hivi:

*Volti* ni kipimo cha msukumo wa umeme. *Ampea* ni kipimo cha wingi wa mkondo unaopita. *Wati* ni zao la hivyo viwili: volti mara ampea. Kibandiko cha saplai kikionyesha ampea 18 kwenye mstari wa volti 12, mstari huo hutoa wati 216 na si zaidi, hata kama ubavuni pameandikwa 400 kwa tarakimu kubwa. Kadi ya grafiki hutegemea zaidi mstari huo wa volti 12. Saplai nyingi za zamani ziligawa sehemu kubwa ya wati zao kwa mistari ya volti 5 na volti 3.3, ambayo kadi za sasa hazina haja nayo sana. Kwa hiyo msomaji wa kibandiko aanze na mstari wa volti 12, kisha ndipo asome jumla. Palipo na mistari miwili ya volti 12, ampea zake zisijumlishwe. Kibandiko huonyesha pembeni kikomo cha pamoja, na hicho ndicho cha kufuata.

Vitenzi vinavyoandamana na neno hili

*Kutoa, kutumia, kuhimili.* Saplai hutoa wati. Kadi hutumia wati. Waya na soketi huhimili wati. Kuvichanganya vitenzi hivi ni kuchanganya vifaa vyenyewe.

Nafasi ya PCI Express ambamo kadi huchomekwa kwenye ubao mama huhimili hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo huongezewa kwa waya kutoka kwenye saplai: plagi ya pini sita huhimili wati 75 nyingine, na ya pini nane huhimili wati 150. GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 hutumia wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wowote wa ziada. GeForce GTX 1060 ya mwaka huohuo hutumia wati 120, na haifanyi kazi bila plagi.

Hapa ndipo adapta inapoponza watu. Huuzwa waya mfupi unaopokea plagi ya SATA, ile inayolisha diski, na kutoa plagi ya pini sita kwa ajili ya kadi. Plagi ya SATA huhimili ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, ilhali kadi ina haki ya kudai wati 75 kupitia pini sita. Mchezo ukipamba moto, plagi nayo hupata moto, zipo zilizoyeyuka. Adapta hubadili umbo la plagi, haiongezi wati.

Mfano wa hesabu

Dell OptiPlex 9020 ya mnara, kompyuta ya ofisi iliyotoka mwaka 2013, ni miongoni mwa zile zinazouzwa baada ya kutumika na kugeuzwa kuwa za michezo. Saplai yake hutoa wati 290. Tuseme ina prosesa ya Core i5-4590, iliyokadiriwa wati 84. Ubao mama, kumbukumbu, diski na feni tuvikadirie wati 50 kwa pamoja.

Ikiwekewa kadi ya wati 75: 84 + 50 + 75 = 209. Saplai inabakiwa na wati 81 za akiba.

Ikiwekewa kadi ya wati 120: 84 + 50 + 120 = 254. Hesabu ingali chini ya 290, lakini akiba imebaki 36 tu, na saplai ya miaka kumi haitoi tena kwa uhakika kile ilichotoa ilipokuwa mpya, kwa kuwa kapasita zake huchakaa kwa joto. Mtengenezaji wa GTX 1060 hupendekeza saplai ya wati 400.

Kununua saplai kubwa ya kawaida hakumalizi kazi kwa mashine hii. Ubao wake hupokea plagi kuu ya pini nane, ilhali saplai ya kawaida huja na pini ishirini na nne. Hivyo huhitajika waya maalumu wa kuunganisha. Toleo lake la kasha dogo lina saplai ya wati 255 na hukubali kadi za kimo kifupi tu. Mwenye mashine ya namna hii, na bajeti ndogo, hupata amani zaidi kwa kadi ya wati 75 kuliko kwa kadi kubwa iliyofungwa kwa kubahatisha.

Maneno yanayokanganywa

*Wati* na *uniti*. Uniti inayonunuliwa kwa tokeni ni kilowati-saa moja: wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Wati hupima kasi. Uniti hupima kiasi kilichokwisha kutumika. Kompyuta inayovuta wati 250 kutoka ukutani humaliza uniti moja kwa saa nne za mchezo. Kutokana na mkanganyo huu wapo wanaoogopa saplai ya wati 650 wakidhani itakula uniti kwa kiwango hicho. Nambari hiyo ni uwezo wa juu. Saplai hutoa kile tu kinachodaiwa. Kinachoathiri gharama ni ufanisi: vifaa vya ndani vikidai wati 200 na ufanisi ukiwa asilimia 80, saplai huvuta wati 250, na wati 50 zilizobaki hugeuka joto.

*Wati* na *volti* katika swichi ya nyuma. Baadhi ya saplai za zamani zina swichi ndogo, aghalabu nyekundu, yenye maandishi 115 na 230. Hizo ni volti za ukutani, wala haihusiani na uwezo wa saplai. Mashine iliyotoka Marekani huenda swichi yake ikawa kwenye 115. Ikichomekwa Nairobi au Dar es Salaam, ambako umeme wa nyumbani ni kati ya volti 220 na 240, huungua papo hapo. Swichi itazamwe kabla ya plagi kugusa ukuta.

*Kujizima, kutowaka, kuungua.* Mteja husema kwa fundi “imekufa”, na fundi hana pa kuanzia. Kompyuta *inajizima* mchezo unapoanza, lakini hutulia wakati wa kuandika: saplai imezidiwa na inajikinga, au joto limepita kiasi. Kompyuta *inawaka* na feni zinazunguka, ila *haionyeshi* picha: kadi haikukaa sawasawa katika nafasi yake, au plagi yake ya ziada haikuchomekwa. Kompyuta *haiwaki* kabisa: uchunguzi uanzie kwenye saplai, swichi na waya wa ukutani. *Imeungua* lisemwe tu palipo na harufu, moshi au alama ya moto. Kitenzi sahihi huokoa bei ya kifaa ambacho hakikuharibika.

Tahadhari

Kubadilisha saplai ni kazi ya bisibisi na uvumilivu. Kuifungua saplai yenyewe ni jambo jingine. Kapasita zake kubwa huweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa. Saplai mbovu hubadilishwa nzima isipokuwa mikononi mwa fundi aliyesomea kazi hiyo.

Mifano ya sentensi

Sahihi: *Kadi hii hutumia wati 120, saplai yako hutoa wati ngapi kwenye volti 12?*

Sahihi: *Waya huu unahimili wati 54 tu, usiufungie kadi.*

Si sahihi: *Kadi hii inatoa wati 120.* (Kadi haitoi, hutumia.)

Si sahihi: *Niongezee volti, kadi yangu ni kubwa.* (Kinachohitajika ni wati zaidi kwenye volti zilezile 12, volti zikiongezeka, kadi huungua.)