Unyevu wa gitaa la mbao
Gitaa lisilo la umeme hudumu vizuri katika hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Hewa ikikauka, kama katika nyumba zinazopashwa joto majira ya baridi Ulaya na Marekani, mbao husinyaa: uso hubonyea, ncha za vyuma vya shingoni hutokeza na kukwaruza vidole, mwishowe ufa hufunguka. Sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa barabara, ndani ya kasha lililofungwa, hutosha. Isidondoshe maji kamwe. Pwani ya Afrika Mashariki shida huwa kinyume: uso huvimba, nyuzi huinuka, gundi ya daraja huachia. Hapo hufaa vifuko vya silika jeli. Gitaa lililolowa lilegezwe nyuzi, likaushwe polepole kivulini. Kulianika juani ndilo kosa baya kuliko yote.