Kiendeshi cha Modemu katika Historia ya Programu Huria Tanzania: Mtazamo wa Dumila

Historia ya programu huria nchini Tanzania husimuliwa zaidi kupitia tafsiri: mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Simulizi hiyo ni sahihi, ila inaacha kikwazo kilichoitangulia lugha, yaani modemu.

Modemu za awali zilibeba chipu zote za kugeuza data kuwa sauti ya simu, zikapokea amri za Hayes za mwaka 1981. Linux ilizitumia bila kiendeshi cha pekee. Katika miaka ya 1990 watengenezaji walipunguza gharama kwa kuihamishia kazi hiyo prosesa ya kompyuta, kupitia programu iliyoandikiwa Windows. Kwa chipu za Lucent kilipatikana kiendeshi cha ltmodem, lakini msimbo wa sehemu yake ya msingi haukuwa wazi, na kilipaswa kulingana na toleo la kiini cha Linux. Amri ya lspci ilionyesha aina ya chipu. Kiendeshi chenyewe kilipakuliwa mtandaoni, na mtandao ndio uliokosekana!

Aliye karibu na chuo angeweza kuazima diski. Dumila, inapochepuka barabara ya Kilosa kutoka ile ya Morogoro hadi Dodoma, diski hiyo ingesafiri kwa basi zaidi ya kilometa 200 kutoka Dar es Salaam. Toleo lisipolingana na kiini, safari ingeanza upya, hata kama menyu zote zilikwisha kutafsiriwa.