Spika Iliyobadilisha Taarabu ya Tanga

Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na mji wa Tanga, ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Siti alianza maisha kwa kutembeza vyungu, na sauti yake ilimtangulia mitaani kabla yeye mwenyewe hajafika. Mwimbaji wa enzi hiyo hakuwa na cha kumsaidia ila kifua chake. Hata santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV zilisikilizwa majumbani kwa gramafoni ya kutia ufunguo: sindano ikitikisika, pembe ikikuza mtikisiko, umeme haumo.

Miaka thelathini na kitu baadaye, ukumbi wa taarabu Tanga ulikuwa na mlio mwingine kabisa. Waliosimulia mabadiliko hayo husifu magitaa na waimbaji, na ni haki yao. Lakini bila spika, hakuna ambalo lingewezekana.

Spika yenyewe ilipikwa mbali. Peter Jensen na Edwin Pridham walianza kuonyesha kipaza sauti chao California mwaka 1915, na mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson alikitumia kuhutubia watu wapatao 50,000 mjini San Diego. Kilitumia pembe, na kilifaa hotuba kuliko muziki. Muziki ulipata chombo chake mwaka 1925, pale Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walipochapisha maelezo ya spika ya koni ya karatasi. Karibu kila spika inayouzwa leo madukani bado inafuata mpango wao.

Mpango huo ni wa kushangaza kwa wepesi wake. Waya mwembamba wa shaba umezungushwa kwenye kikopo kidogo: hiyo ndiyo koili. Koili imening'inizwa ndani ya ufa mwembamba wa sumaku, nayo imegandishwa kwenye koni. Umeme wa amplifaya ukipita kwenye koili, koili inageuka sumaku. Umeme ukienda huku inasukumwa mbele, ukirudi inavutwa nyuma. Koni inafuata, na hewa iliyo mbele yake inatikisika hadi masikioni. Noti ya besi ya herzi 60 ni koni kwenda na kurudi mara 60 kwa sekunde moja. Kwa kuwa besi inataka hewa nyingi isukumwe, spika yake huwa pana, ya inchi 12 au 15, ilhali sauti nyembamba zinatoshwa na kispika kidogo chenye wepesi wa kutikisika maelfu ya mara kwa sekunde.

Tanga ilikuwa tayari kwa chombo hicho. Kituo cha umeme cha Hale, chenye megawati 21 kutoka mto Pangani, kilianza kazi mwaka 1964. Mji ulikuwa na bendi za dansi, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zikiwemo, ambazo magitaa yao yalishapitia kwenye amplifaya. Black Star Musical Club, na Lucky Star iliyoifuata, zikachukua magitaa hayo na kuyaingiza kwenye taarabu. Unguja, Nadi Ikhwan Safaa, chama kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikuwa na fidla, udi na kanuni kwa mtindo wa Misri. Tanga, kundi dogo likaujaza ukumbi kwa gitaa la umeme, besi na ngoma.

Gitaa la besi la umeme, likichomolewa waya, halisikiki hata na aliyekaa safu ya pili. Sauti yake yote inazaliwa kwenye koni. Na Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliyeng'ara na vikundi hivi, alikuwa na sauti nyembamba na nyororo. Akiwa na maikrofoni iliyounganishwa na spika hakulazimika kushindana na ngoma. Aliweza kuimba kwa utulivu, na aliyesimama mlangoni akasikia kila neno. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote: spika ilimpa mwimbaji ruhusa ya kutopiga kelele.

Spika hizo ziliteseka pia, hasa pwani. Upepo wa bahari una chumvi, na chuma cha sumaku kikishika kutu, vumbi lake linaingia kwenye ule ufa na koili inaanza kukwaruza. Joto na unyevu hula sponji ya ukingo wa koni hadi inamong'onyoka mkononi. Lakini muuaji mkuu ni joto la ndani. Spika ya kawaida hugeuza takriban asilimia moja tu ya umeme kuwa sauti; kinachobaki kinaishia kuwa moto kwenye koili. Amplifaya dogo likikazwa hadi mlio unapasuka, joto linazidi, gundi inalegea na waya unakatika. Ndiyo maana spika nyingi huungua usiku wa harusi, amplifaya linapokazwa kupita kiasi.

Fundi redio huanza na majaribio mepesi. Anagusisha betri ya tochi kwenye ncha mbili za spika: ikitoa mshindo mfupi, koili ni nzima; ikinyamaza, imekatika. Anasukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili: ikikwaruza, koili imepinda au kuna uchafu. Koili iliyoungua husukwa upya, na karatasi iliyochanika kidogo huzibwa. Kuna kasoro nyingine isiyohitaji hata fundi. Spika mbili zikiunganishwa kinyume, chanya ya moja mahali pa hasi, moja inasukuma hewa huku nyingine inaivuta, na besi inapotea. Kugeuza waya za spika moja kunatosha.

Shakila alifariki Agosti 2016. Nyimbo za Black Star na Lucky Star zilikusanywa katika albamu Nyota, iliyotolewa London mwaka 1989 na GlobeStyle. Anayezitafuta asizisikilize kwa simu: spika yake, yenye ukubwa wa ukucha, haiwezi kutoa besi ile. Azipeleke kwenye spika yenye koni pana, japo ya zamani iliyotengenezwa na fundi, na asikilize gitaa la besi kwanza.