Kenya: Katiba Iliyodaiwa na Wananchi

Katiba ya kwanza ya Kenya huru iliafikiwa London, katika mikutano ya Lancaster House iliyofanyika kati ya 1960 na 1963. Mwananchi wa kawaida hakuulizwa. Baada ya uhuru, Bunge liliirekebisha mara kwa mara: serikali za majimbo zikafutwa, mamlaka ya rais yakaongezwa, na mwaka 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria.

Kwa hiyo, waliomiminika barabarani siku ya Saba Saba (7 Julai) mwaka 1997 walidai mambo mawili kwa pamoja: katiba mpya, na haki ya kushirikishwa kuiandika. Rais Daniel arap Moi alipohoji Wanjiku, yaani mwananchi wa kawaida, anajua nini kuhusu katiba, wanaharakati walilitwaa jina hilo likawa la kila raia aliyepuuzwa. Viongozi wa dini nao wakaanzisha mchakato wao wa Ufungamano, ambao mwaka 2001 uliunganishwa na tume ya marekebisho ya katiba ya Profesa Yash Pal Ghai.

Tume hiyo ilikusanya maoni katika maeneobunge yote 210. Wananchi walizungumzia ardhi, ufisadi, na mamlaka yaliyorundikwa Nairobi. Maoni yao yalifikishwa kwenye mkutano wa kitaifa wa katiba huko Bomas, Nairobi, mwaka 2003, mbele ya wajumbe zaidi ya 600. Gharama haikuwa ndogo: Septemba mwaka huo, Dkt. Crispin Odhiambo Mbai, aliyeongoza kamati ya ugatuzi, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake.

Machi 2004, katika kesi ya Mchungaji Timothy Njoya na wenzake, Mahakama Kuu iliamua kwamba katiba mpya ni lazima iidhinishwe na wananchi kwa kura ya maoni. Uamuzi huo ulizaa matunda upesi. Rasimu ya Bomas ilipobadilishwa na kumbakishia rais nguvu nyingi, wapiga kura waliikataa tarehe 21 Novemba 2005. Chungwa, alama ya La, lilipata takriban asilimia 58 dhidi ya ndizi, alama ya Ndiyo.

Kura hiyo ya La nayo iliandika katiba, kwa kuwa ililazimu rasimu nyingine iandaliwe. Kamati ya Wataalamu ya Nzamba Kitonga, iliyoundwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, ilichapisha rasimu yake na kuwapa wananchi siku 30 kutoa maoni. Tarehe 4 Agosti 2010, takriban asilimia 67 waliikubali. Serikali 47 za kaunti zikapata msingi wake.

Kifungu cha kwanza kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, na mahakama zimekilinda. Machi 2022, Mahakama ya Juu ilizima mpango wa BBI wa kurekebisha katiba, ikishikilia kwamba rais hawezi kuanzisha mageuzi kwa njia ambayo katiba imewatengea raia. Haki hiyo ya kushirikishwa ilidaiwa kwa miaka mingi na kwa damu. Kila kikao cha kukusanya maoni kinachoitishwa leo kinastahili kujazwa na watu wanaojua thamani yake.